Batri niliyoipima vibaya

Leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga sokoni. Nataka kuwaeleza habari ya batri moja ya gari, na ya kijana mmoja niliyemharibia jina mbele ya watu. Wengi mliokuwa Bulengo mwaka 2024 mnaijua nusu ya habari hii. Nusu nyingine ni yangu, na nimekaa nayo muda mrefu.

Ilikuwa baada ya vita kufika Sake, mwezi wa pili 2024. Watu walikuja kwa miguu, na godoro, na mbuzi, na watoto waliofungwa mgongoni kwa pagne. Mimi nilizoea kupita kambini kila wiki kuchukua habari, nikiwa na simu yangu na daftari. Kila nilipokaa na watu, swali la kwanza halikuwa chakula. Waliniuliza: "Muandishi, wapi tunaweza kuchaji simu?" Mwenye simu iliyozimika hawezi kupokea habari ya mtoto aliyepotelea njiani, hawezi kupokea pesa ya ndugu, hawezi kujua kama nyumba yake ingali imesimama. Kutoka kambini mpaka penye moto wa umeme kulikuwa na mwendo, na foleni, na franka.

Familia kama sitini zikakubaliana kuchanga. Kila nyumba ilitoa franka 1000, mimi nikaongeza kidogo. Pano ya sola ya wati 100 tulikuwa tumeshapewa na mtu mwema. Ilibaki batri. Nikasema: hiyo niachieni mimi. Baba yangu alikuwa dereva wa Fuso, mimi nimekulia chini ya gari, batri naijua.

Sikuijua.

Niliipata kwa dereva mmoja ambaye gari lake lilikuwa limesimama Goma tangu barabara ya kwenda Rutshuru ilipofungwa. Gari kubwa kama hilo lina batri mbili za volti 12 zilizounganishwa ili zitoe 24. Alitaka kuuza moja apate chakula. Nilifika jioni. Nikashika waya, nikagusisha kichwa kimoja na kingine haraka, cheche ikaruka kubwa, paa! Ndivyo baba alivyokuwa akifanya. Kiisha nikaweka testa, nikasoma 12,9. Nikacheka kwa furaha. Nikalipa, chukudu ikaibeba mpaka kambini, watoto wakiifuata kama vile ni harusi.

Tulimkabidhi kijana mmoja aliyekuwa amesoma umeme miaka miwili kabla ya kukimbia. Alijenga kibanda cha mbao na bashi, akapanga nyaya vizuri, nyekundu huku, nyeusi huku. Simu ndogo ya vibonyezo franka 300, simu kubwa 500, na wazee wasio na kitu bure. Wiki mbili za kwanza tulimsifu sote.

Wiki ya tatu mambo yakabadilika. Saa mbili za usiku taa ilikuwa inafifia. Simu iliyowekwa asubuhi inarudishwa jioni ikiwa na nusu. Watu wakaanza kunung'unika. Kiisha mtu akasema amemuona kijana akiibeba batri wakati wa magharibi. Mwingine akasema kuna nyumba ya kuonyesha filamu upande wa barabara, pengine anawakodishia usiku. Unajua maneno ya kambini: yakitoka asubuhi kwenye bomba la maji, saa sita yamekwisha kuwa ushahidi.

Tukaitisha mkutano. Kijana akasema anaiingiza nyumbani kwake kwa sababu ya mvua na wezi. Akasema: "Mimi naona batri yenyewe ina ugonjwa." Watu wakanigeukia. Nami nikasimama, nikasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Batri hii niliipima mwenyewe. Ilikuwa nzima."

Basi. Hakuna mtu aliyehitaji ushahidi mwingine. Kijana alitoa bisibisi mfukoni, akaiweka juu ya batri, akaondoka bila kusema neno. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Tuliweka mtu mwingine. Siku nne baadaye haikuchaji hata simu tatu. Na katika siku hizo nne ndipo yule mama wa Shasha, aliyekuwa ameachana na mtoto wake wa miaka kumi na tatu katika kukimbia, alikaa na simu iliyozimika siku mbili. Alipoiwasha, ilikuja ujumbe kwamba namba asiyoijua imempigia mara tatu. Alipiga. Akapokea mwanamke anayeuza unite sokoni Minova: ndiyo, mtoto mmoja aliomba simu, alikuwa na namba kwenye karatasi, amekwisha kwenda.

Yule mama hakunitukana. Aliniuliza tu: "Muandishi, ile batri yenu itapona lini?"

Usiku ule sikulala. Asubuhi niliipakia kwenye pikipiki, nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi upande wa Mugunga, mtu aliyefanya kazi ya batri tangu ujana wake. Nilimkuta anasafisha vichwa vya batri ya teksi kwa maji ya moto na bikaboneti ya soda, ile unga mweupe ukitoa povu. Nilimsalimu, nikamweleza. Akaniuliza: "Ulipoinunua, ulipimaje, mwanangu?"

Nikamwambia cheche.

Alinyoosha mkono wake wa kushoto. Kuna kovu kutoka kiganja mpaka kiwiko. Akasema batri inapochajiwa inatoa hewa inayowaka, haina harufu, huioni. Cheche moja juu yake na sanduku linapasuka, asidi inaruka usoni. Yeye aliponea mkono, macho yalibaki. "Tena cheche haikuambii kitu," akasema. "Hata batri iliyokufa chumba kimoja inatoa cheche."

Na testa? Nilisoma 12,9! Akauliza dereva aliitoa lini kwenye chaji. Nikakumbuka: ilikuwa imechajiwa usiku kucha na mchana, na nyaya zilitolewa nikiwa naingia uani. Mzee akatikisa kichwa. Batri iliyotoka kwenye chaji sasa hivi inaonyesha namba ya juu ambayo si yake. Ni kama mtu aliyetoka kukimbia, ukimpima moyo unadunda, huwezi kusema ndivyo alivyo. Iache ipumzike masaa mengi, usiku mzima ni vizuri, bila kuunganishwa na kitu. Ukiwa na haraka na batri iko ndani ya gari, washa taa kubwa dakika mbili, uzime, ungoje kidogo, ndipo upime.

Namba zenyewe alinifanya niziandike, na wenye magari wazishike pia. Batri ya volti 12 iliyopumzika na kujaa inasoma 12,6 au 12,7. Ikisoma 12,4 imebaki kama robo tatu. Kwenye 12,2 imebaki nusu. Kwenye 12,0 imebaki kama robo, na chini ya hapo ihesabu kuwa tupu. Angalieni jinsi namba zilivyo karibu: kati ya iliyojaa na ya nusu hakuna hata nusu volti. Ndiyo maana testa ya bei ndogo yenye batri yake iliyochoka inaweza kukudanganya.

Yetu ilikuwa imelala bila kazi tangu jana. Akaipima: 10,6.

"Ndani ya batri kuna vyumba sita," akasema. "Kila kimoja kinatoa volti mbili na kidogo. Sita pamoja ni 12,6. Sasa hesabu vitano." Nilihesabu. Kumi na nusu. Kabla hajafungua hata kifuniko, alikuwa anajua.

Alifungua vifuniko sita, akachukua kipimo cha asidi. Ni kirija cha kioo chenye mpira wa kufinya juu, na ndani yake kuna kijiti kinachoelea. Asidi nzito inakiinua, asidi iliyochoka inakiacha kizame. Chumba chenye chaji kamili kinasoma kama 1,265. Kilichokwisha kinasoma karibu 1,120. Vyumba vyetu: 1,240, 1,235, 1,240, kiisha cha nne 1,090, kiisha 1,230 na 1,235. Alinipa kioo nisome mwenyewe. Nadhani alitaka niwe shahidi. Kushuka kwa vyumba vyote pamoja ni njaa tu, unachaji. Chumba kimoja kikiachana sana na wenzake, hicho ni kifo, na chaji haikifufui.

Kwa kumaliza, aliifunga kwenye gari la uani akamwambia kijana wake apige stata, testa ikiwa juu ya vichwa. Batri nzima, gari likipigwa stata, haitakiwi kuanguka chini ya volti 9,6 au karibu na hapo. Yetu ilianguka mpaka 7 na kitu, na ndani ya chumba cha nne mapovu yakaanza kuchemka. Aliweka batri ya gari lenyewe, injini ikawaka, akapima tena injini ikiwa inanguruma: 14,1. Hii alinionyesha bure, kwa ajili ya nyinyi madereva. Injini ikiwaka, namba ikae kati ya 13,8 na 14,4. Ukikuta 12,3 na injini inanguruma, usinunue batri mpya, angalia kwanza mkanda na mashini inayochaji. Wengi wananunua batri mbili kwa mwaka kumbe ugonjwa uko kwenye mkanda uliolegea.

Nilimuuliza nani ameiua. Nilitaka sana ajibu kwamba ni kijana. Mzee akauliza gari lilisimama muda gani. Miezi, nikasema. "Basi iliuawa na barabara." Akanieleza kwamba batri iliyoachwa bila chaji, zile bamba zake za risasi zinafunikwa na ganda jeupe gumu, na ganda hilo likikaa muda mrefu halitoki. Kiisha vipande vya bamba vinaanguka chini kama tope. Tope likipanda mpaka kugusa bamba mbili, chumba kinakufa. Ilikuwa na ugonjwa siku niliyoinunua. Dereva labda hakujua. Kijana hakuifanyia kitu, ila yeye peke yake ndiye aliyesema kweli mkutanoni.

(Neno hili la risasi, baadaye nilipolisoma kambini, bibi mmoja alishtuka: "Ndani ya batri kuna risasi?" Nikamwambia ni madini yale yale, bibi, lakini hizi hazipigi mtu. Akasema afadhali.)

Mzee alichukua maiti yetu kwa sababu risasi ya ndani ina bei, wanainunua kwa kilo. Nikaongeza pesa, akanipa batri ya gari dogo, ya Ah 70, si mpya, lakini aliipima mbele yangu vyumba vyote sita na alilaza mpaka kesho yake kabla ya kunipa. Na alinikatalia kuibeba mpaka nirudie maneno yake. Nayaandika kama nilivyoyarudia, bila mpango.

Batri ya gari haikuumbwa kwa kazi tunayoipa. Bamba zake ni nyembamba, kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kiisha ijazwe tena. Sisi tunainyonya polepole mpaka chini kila usiku. Inachoka haraka. Kuna batri za sola zenye bamba nene, mwenye uwezo anunue hizo. Asiye na uwezo, kama sisi, asishuke chini ya 12,4. Nilipiga hesabu naye: volti 12 mara 70 ni kama 840. Robo yake ni 210. Simu kubwa inakula kama 15 na ushee, simu ndogo 4 au 5 pamoja na kinachopotea njiani. Kwa hiyo usiku, bila jua, ni simu kubwa kumi, basi. Nyingine zichajiwe mchana wakati pano inaleta.

Maji. Yakishuka karibu na bamba, ongeza maji yaliyosafishwa, yale ya chupa, kiasi cha kufunika bamba na kidogo juu. Ukijaza sana kabla ya kuchaji, yanapanda na kumwagika. Si maji ya bomba, si ya ziwa, na hapa kwetu hata ya mvua si safi, sababu moshi wa volkano unashuka nayo. Asidi usiongeze, asidi haikauki, kinachokauka ni maji. Na muwe waangalifu dukani: mtu akisema "maji ya batri", muulize ni maji au ni asidi. Zote mbili zinauzwa kwenye chupa zinazofanana. Wanaotia chumvi au maji ya ndimu wanaiua kwa mikono yao.

Ukifungua nyaya, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Vichwa vikiota ule unga wa kijani na mweupe, visafishe, vikaushe, paka vazelini. Asidi ikikuingia jichoni, maji mengi safi, dakika kumi na tano au zaidi bila kuacha, na mkimbilie hospitali. Si maziwa. Usichajie ndani ya nyumba ya bashi penye mbabula. Asidi ya zamani usimwage penye watoto, na bamba usiziyeyushe kwenye sufuria, moshi wake unaingia damuni, na watoto ndio unaowaharibu zaidi. Nyinyi wenye magari yaliyosimama, toeni waya wa hasi, na kila mwezi ichajini. Kuhusu habari kwamba mawe yetu ya volkano yananyonya batri iliyowekwa chini, mzee alicheka. Sanduku la plastiki halinyonywi na jiwe. Lakini weka ubao, isije ikapasuka.

Nilirudi kambini. Kabla ya kuifunga batri nilienda nyumba ya kijana. Mama yake alinipa kiti, hakunipa neno. Kijana alikuwa anapasua kuni. Nikamwambia: "Ndugu, batri ilikuwa na ugonjwa. Ulisema kweli." Akaendelea kupasua. Kiisha akasema: "Yaya, ulinisema mbele ya watu wote. Unaniomba msamaha nyuma ya nyumba?"

Jumapili baada ya ibada tuliitisha mkutano tena, mahali pale pale. Niliwaeleza 12,9 na 10,6, cheche na chumba cha nne. Nilisema wazi kwamba mwizi hakuwepo, aliyekosa ni mimi. Wengine walicheka, mzee mmoja alisema waandishi wanapenda kupima mambo ya wengine. Sikujibu.

Kijana alikubali kurudi, lakini kwa sharti lake: testa ifungwe kwa kamba kibandani, na daftari, na kila mtu aweze kusoma. Alikuwa anapima saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijaigusa pano, batri ikiwa imelala, na tena usiku baada ya kufunga. Ikifika 12,4 alikuwa anafunga, hata foleni iwe ndefu namna gani. Siku moja kiongozi mmoja wa kambi alikuja na simu mbili usiku, akasema yeye si wa kungoja kesho. Kijana akamgeuzia testa: "Papa, hii haijui cheo." Maneno yalikuwa mengi, lakini mlango haukufunguka. Ila kulikuwa na nafasi moja ambayo haikuuzwa kamwe, hata batri ikiwa chini. Ilikuwa ya simu za wanaongoja habari ya mtu. Yule mama wa Shasha simu yake haikuzimika tena. Siku ya kumi na moja mtoto alipiga, alikuwa njia ya Kalehe na watu wa kijiji chao. Mimi sikuwepo, nilielezwa. Wanasema alipiga kelele mpaka watu wakadhani ni mabomu.

Mwezi wa pili 2025 watu waliondoka kambini, mnajua jinsi ilivyokuwa. Bashi zilikunjwa kwa siku chache. Batri ilikuwa ya wote na haikuweza kukatwa, wakaamua imfuate kijana kwa sababu alikuwa anarudi upande wa Sake ambako wengi walikuwa wanarudi. Iliwekwa juu ya chukudu, vifuniko vimekazwa, imesimama wima, ubao chini.

Mwezi uliopita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Alikuwa ameandika tarehe, na chini yake: alfajiri 12,5, simu 22, chumba cha pili kinaanza kushuka. Akaniuliza kama yule mzee fundi bado yuko Mugunga. Nimekwenda mara mbili, mlango umefungwa. Anayejua alikohamia anieleze.